Karani wa Vidole Tisa

Haya hamtayaamini, na sitawalaumu, maana hata mimi niliyekuwepo huwa nakaa nikajiuliza. Kwanza mjue kwamba mimi ni seremala, na milango yangu ni mizito. Ule niliouweka ofisi ya ushirika ulijifunga wenyewe siku ya pili, ukabana kidole kidogo cha kushoto cha karani wao. Karani mwenyewe ni mpwa wangu. Mlango haukupata hata mkwaruzo.

Sasa, kidole hicho ndicho kilichokuwa kikibonyeza kitufe cha herufi kubwa. Kitufe cha pili, cha upande wa kulia, kilishakufa zamani. Na mpwa wangu huandika mkutano huku watu wanasema, hana nafasi ya kurudi nyuma kupamba. Kumbukumbu za wiki ile zikatoka herufi ndogo tupu. Katibu akazisoma, akavua miwani.

"Ijumaa nataka kumbukumbu safi mezani kabla watu hawajanyanyuka. Ukishindwa, shemeji yangu naye anajua kuchapa."

"Shemeji yako anachapa kwa kidole kimoja," mpwa wangu akasema.

"Lakini ni kizima."

Jioni akaja karakana kwangu na kompyuta, kidole kimeviringishwa bendeji kama mtoto mchanga. Akafungua programu anayoandikia, akaanza kuipa maagizo: ukiona nukta, herufi inayofuata ikuze mwenyewe, usimngoje mtu. Mimi kazi yangu ilikuwa kusoma gazeti kwa sauti, naye aandike, tuone kama inatii. Ndiyo sehemu ngumu, kama mnavyojua.

Ikatii. Tena ikatii kupita kiasi. Aliporudi kurekebisha kosa dogo kwenye maagizo yenyewe, ikaona nukta zilizomo humo, ikayakuzia herufi nayo, yakagoma kufanya kazi.

"Imejikata mkono kwa msumeno wake," nikasema.

"Kuna fundi namjua yuko hivyo hivyo, Mjomba."

Akayaandika upya, akaiamuru ishughulike na barua na kumbukumbu tu, maagizo iyaache yalivyo.

Ijumaa mwenyekiti alipofunga mkutano, kurasa nne zilikuwa mezani. Katibu akachukua rula, akaishusha mstari kwa mstari akiwinda herufi ndogo mwanzoni mwa sentensi. Hakupata hata moja. Akatia saini, kisha akaanza kutafuta miwani aliyokuwa ameivaa. Shemeji yuko kwao mpaka leo.

Haya yote anayachapa mpwa wangu, mimi nasema tu, maana mwandiko wangu unafaa kwenye mbao. Andika, mama: ukumbi ulikuwa umefurika, watu mia mbili, na Katibu akaja mbele ya wote kunishika mkono, akasema bila mlango wangu ushirika huu usingekuwa na—

"Mjomba, tulikuwa saba. Na wewe ulikuwa nje, unaupiga mlango randa."