Ukurasa Uliosema Asante

Niliporudi Bariadi baada ya kumzika mama kule Lushoto, sikuwa na huzuni wala nafuu. Nilikula kwa sababu saa ya kula imefika. Ofisini walinipa pole, nikaitikia, nikawasha kompyuta. Kazi yangu ni kutunza tovuti ya shirika letu dogo, linaloleta madaktari wa macho mkoani kila baada ya miezi kadhaa. Mgonjwa anajaza fomu kwenye tovuti, anabonyeza, ujumbe unaingia kwenye barua pepe ya ofisi, nasi tunampigia simu kumpa siku ya kuonwa.

Wiki ile madaktari walikuwa wamefika tena. Waliojiandikisha walikuwa walimu, manesi na watu wa halmashauri. Bosi alitazama majina akaguna.

"Unaona? Hawa wa vijijini hawana mwamko kabisa. Unawaletea huduma mlangoni, wao na ng'ombe wao tu."

Siku nyingine ningemjibu, maana mdomo wangu hauna breki. Siku hiyo nilisema, "Ndiyo, bosi," nikaendelea na chai.

Mchana akaingia mzee kutoka Bukundi, ameshikwa mkono na bintiye. Alivua kofia, akausalimia ukuta. "Mwadila."

"Mhola, baba," niliitikia kutoka upande wa pili. Kisukuma changu kinaishia hapo. Akageuka polepole kuifuata sauti.

Binti ndiye aliyeeleza. Walijiandikisha tangu msimu wa pamba uliopita, kabla madaktari hawajaja ile awamu ya kwanza. Fomu walijaziwa na mwenye steshenari Mwanhuzi. "Tumetuma mara tatu, dada. Kila tukituma inaandika, asante, ujumbe wako umepokelewa. Mimi nilitaka nije niulize, baba akakataa."

"Mtu amesema amepokea," mzee alisema, "halafu umfuate tena? Si ni kumwambia yeye mwongo? Tukakaa, tukangoja simu."

Nilitafuta jina lake kwenye barua pepe zote. Halikuwepo.

"Mliweka barua pepe gani?"

"Barua pepe tuitoe wapi, dada? Pale aliweka namba ya simu."

Nikaufungua msimbo, yaani maagizo yanayoiendesha ile fomu, niliourithi kwa mwenzangu aliyehamishwa. Ulikuwa mfupi, haujai hata ukurasa. Ulichukua chochote alichoandika mtu kwenye nafasi ya barua pepe, ukakifanya ndiyo anwani ya mtumaji. Seva ikikuta namba ya simu mahali pa anwani inagoma, na ikigoma hutoa maandishi ya kosa juu ya ukurasa. Bosi hakuyapenda maandishi hayo, alisema yanatutia aibu mbele ya wageni. Basi mwenzangu akaweka alama ya @ mbele ya amri ya kutuma, ambayo kazi yake ni kuiambia programu ikishindwa inyamaze. Mstari uliofuata ulimshukuru kila mtu bila kuuliza kama ujumbe umekwenda. Nilijaribu kwa namba yangu mwenyewe. Ukanishukuru.

Nilirekebisha pale pale, wakiwa wamekaa kwenye benchi. Mtumaji awe ofisi yenyewe, na namba ya mgonjwa iingie ndani ya ujumbe. Kutuma kukishindikana, ujumbe uhifadhiwe kwenye faili, na ukurasa umwambie mgonjwa wazi kwamba ujumbe haukufika, apige simu ofisini. Alama nikaifuta. Kazi ndogo mno, na hilo ndilo lililonikera kuliko yote. Jumbe za zamani zilikuwa hazipo popote pa kuzitafuta.

Nikampeleka mzee kwa daktari bila foleni. Daktari alikaa naye muda mrefu, kisha akaniita pembeni. Presha ya macho. Jicho la kushoto lilikufa siku nyingi, lakini la kulia lilikuwa la kuokolewa kama angeonwa ile awamu ya kwanza. Sasa lilibaki la kutofautisha mchana na usiku, na dawa isingelirudisha. Nilimsikiliza kama ninavyosikiliza taarifa ya habari.

Bosi aliponiona narudi alisema kwa sauti ya chini, "Mwambie mtandao ulikuwa unasumbua."

Mzee alikuwa amerudi kwenye benchi, kofia magotini. Daktari alikwisha kumwambia habari ya jicho. Alichotaka kwangu ni kingine.

"Mayu, mama, ule ujumbe wangu, mliupata?"

"Hapana, baba. Haukufika hata mmoja. Mashine ilikuwa inajibu asante hata ikishindwa kutuma. Kosa ni letu, la ofisi."

Bintiye akageukia dirisha, akajifuta uso kwa kanga.

"Kumbe," mzee alisema. "Na wale wengine wa kwetu, waliotuma kama mimi, kila wakitaka kuja kuuliza nawazuia. Nawaambia wangoje."