Vitabu Vilivyotolewa Rafuni

Watu wa Zawierzbie, mji mdogo wa Poland, walikuwa wakisema kwamba Bi Teofila Kordas hajui kupika supu ya kabichi, ila anajua nani aliandika nini tangu dunia iumbwe. Kwa upande wa supu walimwonea kidogo. Kwa upande wa pili hawakukosea.

Alikuwa mkutubi. Maktaba yake ilikuwa ndani ya duka la dawa la zamani, na ukivuta droo ya kadi za wasomaji, harufu ya kafuri ilikupiga puani. Rafu hakuzipanga kwa herufi kama alivyoagizwa, alizipanga kwa zama. Karibu na mlango walikaa wazee wenyewe: zaburi, nyimbo za kanisa, na mashairi ya mabwana wa kwanza walioacha Kilatini wakaandika Kipolandi, lugha waliyonyonya kwa mama zao. Kisha waandishi wa enzi za wafalme, watu wa kejeli na tumbaku ya kunusa. Kisha wale wa karne ambayo Poland haikuwepo hata kwenye ramani, imegawanywa na watawala watatu kama mkate, na wengi wao waliandikia ugenini habari za nchi wasiyoruhusiwa kurudi. Halafu riwaya nene za wakulima na viwanda. Mwisho, dirishani, walikaa wapya, pamoja na vijitabu vyembamba vya vijana waliouawa vitani kabla ya kutimiza miaka ishirini na mitano.

Kila Alhamisi saa kumi na moja jioni Bi Teofila alisimama mbele ya rafu hizo akasimulia, wiki hii karne hii, wiki ijayo inayofuata. Watu walikuja. Wengine walifuata jiko la makaa, kusema kweli, lakini walisikiliza. Bwana Furtak, fundi wa reli aliyestaafu, alikuwa na mzaha wake mmoja asiouchoka.

"Bi Teofila, leo wanakufa wangapi?"

"Wawili tu, Bwana Furtak. Mmoja kifua kikuu, mmoja mapenzi."

"Afadhali. Wiki iliyopita ulitumalizia wote."

Vitabu vile havikuwa vya kuokota. Mwaka 1939, Wajerumani walipokuwa bado njiani, Teofila alikuwa mwalimu wa shule ya mji. Yeye na dada yake Klotylda walivitoa shuleni kwa mkokoteni, wakavifukia kwenye mashimo ya viazi shambani kwa baba yao, chini ya nyasi kavu na udongo, mia nne na kumi na viwili. Vilivyobaki shuleni vilichomwa uani. Miaka yote ya vita alifundisha kwa siri vijana sita ndani ya ghala la viazi, kitabu kimoja kwa watu sita, na kati ya hao sita aliyekuwa na kichwa chepesi kuliko wote ni Zenon Bugaj, mtoto wa mfyatua matofali. Ukimpa shairi la kurasa tatu leo, kesho atakusomea kwa moyo huku akimenya viazi. Klotylda hakuuona mwisho wa vita. Teofila alivifukua vitabu peke yake.

Orodha ya vitabu vilivyopigwa marufuku na serikali mpya ya Kikomunisti ilifika Oktoba 1951. Aliyeileta ni Zenon huyohuyo, sasa mtu mzima wa miaka ishirini na saba, afisa wa utamaduni wa wilaya, mwenye koti refu na mkoba mpya. Alivua kofia mlangoni. Hakuketi.

"Ndugu Kordas," alianza, kisha akajirekebisha kwa sauti ya chini. "Bi Teofila. Hivi vinatakiwa vitolewe. Si hapa tu, ni nchi nzima."

Teofila alivaa miwani akasoma. Kurasa zilikuwa nyingi, majina yamebanana. Baadhi aliyaelewa mara moja: huyu alikimbilia ng'ambo, huyu aliwahi kuwasema vibaya Warusi. Mengine hayakumwingia akilini hata kidogo.

"Huyu ameandika habari za uyoga, Zenon. Namna ya kutambua uyoga wenye sumu."

"Sijui."

"Watu watakula uyoga wenye sumu."

"Bi Teofila, mimi sikuiandika hiyo orodha. Nimepewa kama ulivyopewa wewe."

"Na hawa wa dirishani? Hawa vijana? Ulisoma mashairi yao ghalani kwangu. Ulilia, wewe."

Zenon alitazama kofia yake. "Nilikuwa na umri wa kulia," akasema. Kisha akaeleza utaratibu kama mtu anayesoma tangazo la treni. Vya maktaba hii vilivyomo katika orodha ni mia na sitini na vitatu. Ishirini na tisa viko mikononi mwa wasomaji. Bi Teofila ana siku nne za kuvikusanya. Ijumaa lori litakuja.

Teofila alifikiria mashimo ya viazi. Alifikiria kweli, na Zenon akaona.

"Usithubutu," alisema, na kwa mara ya kwanza sauti yake ilikuwa ile ya zamani. "Kila kitabu kina namba, na namba ziko kwao. Kikipungua kimoja watauliza. Wakiuliza, hawataniuliza mimi peke yangu. Nina mtoto wa miezi mitano."

Wakati wa Wajerumani mambo yalikuwa wazi: adui ni adui, na kila mtu mtaani angekufichia kitabu. Safari hii aliyetumwa ni kijana aliyemfundisha mwenyewe, mwenye mtoto mchanga, anayeogopa kuliko yeye. Utaficha kwa nani, na utamficha nani? Teofila alikunja orodha akaiweka mfukoni mwa aproni.

Siku iliyofuata alianza kuzunguka nyumba kwa nyumba, kikapu mkononi, kama muuza mayai. Mke wa mwokaji mikate alimpa riwaya mbili bila kuuliza, akaongeza kipande cha keki ya mbegu za mpopi, akidhani ni vya kupelekewa mgonjwa. Karani wa stesheni alirudisha chake kimefungwa gazetini, akakisukuma kupitia upenyo wa mlango kana kwamba kinaunguza. Alikwisha sikia. Bwana Furtak alikuwa na kitabu kinene cha mashairi ya wakimbizi wa karne iliyopita, toleo lenye dibaji iliyoandikwa na mtu mbaya.

"Dibaji ndiyo mbaya?" Furtak aliuliza.

"Dibaji tu."

"Basi chana dibaji, unipe kilichobaki."

"Hairuhusiwi, Bwana Furtak. Kinakwenda chote."

Mzee akamkabidhi. "Hamna hata mmoja aliyekufa kwa uzee humo," alisema. Safari hiyo hakucheka.

Kufikia Alhamisi jioni alikuwa amepata vitabu ishirini na vinane. Cha ishirini na tisa alikuwa hajakwenda kukichukua. Kilikuwa kwa Salomea Drwal, mjane wa fundi cherehani, aliyelala chali mwaka wa tatu sasa kwa kifua kikuu cha uti wa mgongo. Salomea hakuwa msomi. Kabla ya kuugua alisoma bei sokoni na kitabu cha sala basi. Teofila ndiye aliyemletea vitabu kitandani, akianza na vyepesi, na sasa alikuwa katikati ya riwaya ya juzuu moja nene: binti wa mwenye kinu cha maji na mpima ardhi aliyeshiriki maasi dhidi ya Warusi, ambaye inabidi akimbie nchi. Mwandishi wake, mama mmoja wa mji wa Lwów, alikuwa amehamia ng'ambo baada ya vita. Kosa lake ni hilo.

Katika fomu ya kukabidhi vitabu, mbele ya namba ya kitabu hicho, Teofila aliandika: kimepotea.

Ijumaa asubuhi Zenon alihesabu mara mbili. Akafungua droo, akatoa kadi, akaiweka mezani.

"Kadi inasema Drwal, Salomea. Hakijapotea."

"Mwache amalize, Zenon. Anasoma kurasa tisa kwa siku, mikono inamchoka. Wiki tatu tu."

"Lori liko nje."

"Hawezi hata kugeuka kitandani. Kitabu hicho kitamwangusha nani?"

"Nikienda mimi nitakwenda na dereva, na yule mwingine aliyekaa mbele ya lori. Simjui vizuri." Akamsukumia kadi. "Nenda wewe, tafadhali. Nitawaambia wanywe chai kwanza. Una saa moja."

Teofila alikwenda. Huko nyuma alikuwa amewahi kutembea barabara ile na vitabu chini ya viazi, doria ya Kijerumani imesimama kona, na hakugeuka nyuma hata mara moja. Leo aligeuka mara tatu.

Salomea alikuwa amekiegemeza kitabu kwenye mto uliowekwa kifuani. Alifurahi kumwona. "Umekuja mapema, mpenzi! Ngoja nikwambie, huyu binti wa kinu, Eligia, ni mjinga kweli. Mwanaume yuko darini juu ya kinu, yeye anashuka kuwapa maziwa askari!"

"Bi Salomea, nimekuja kukichukua."

"Kuchukua nini?"

Alimweleza. Alitafuta maneno mazuri, hakuyapata. Salomea alisikiliza huku kidole kikiwa bado kimeshika ukurasa.

"Nimefika ukurasa wa mia mbili na kumi na moja," akasema.

"Najua."

"Kina kurasa mia tatu na tisini."

"Najua, Bi Salomea."

"Basi nisimulie. Wewe si unavijua vyote? Kaa hapo unisimulie, kisha chukua."

Teofila alikaa kwenye kiti cha majani, akavua kitambaa cha sufi kichwani, akaanza. Alisimulia askari walivyopanda darini, mpima ardhi alivyoruka ndani ya mto, Eligia alivyodanganya kwamba damu kwenye ngazi ni ya kuku. Alisimulia vizuri, kama Alhamisi. Alifika mahali Eligia anapopata barua kutoka ng'ambo baada ya miaka sita, anakwenda nayo mpaka daraja la kinu. Hapo akakwama.

Alikuwa amekisoma kitabu kile mara mbili. Alikifukia, akakifukua, akakikausha ukurasa kwa ukurasa juani mwaka 1945. Lakini Eligia alipofika darajani akiwa na barua, Teofila hakukumbuka alifanya nini. Aliifungua? Aliitupa majini? Alifumba macho akatafuta, na kilichomjia kilikuwa namba ya kitabu tu, ile iliyokuwa kwenye fomu.

Wangeweza kufungua kitabu. Kilikuwa pale pale, kati yao. Teofila alinyoosha mkono kufunua kurasa za mwisho, na honi ya lori ikalia nje, mara moja, fupi. Hawakusubiri chai iishe. Zenon alikuwa amesimama getini, na nyuma yake yule aliyekaa mbele ya lori, amevaa koti la ngozi.

"Akaifungua," Teofila alisema haraka. "Mwanaume alikuwa anarudi. Wakaoana."

Salomea alitoa kidole ukurasani. "Wewe hujui kudanganya, Teofila," akasema taratibu, akampa kitabu. "Haya, nenda. Usije ukaingia matatani kwa ajili ya mgonjwa."

Vitabu mia na sitini na vitatu vilitiwa magunia, vikapelekwa kiwanda cha karatasi kusagwa. Teofila alitia sahihi mahali pa sahihi. Rafu ya dirishani ilibaki na vitabu kumi na kimoja vinavyoegemeana. Mwezi uliofuata sanduku lilikuja, limejaa vitabu vipya vya matrekta na ushindi wa viwanda, akavipanga pale. Alhamisi aliendelea nazo mpaka Krismasi, akiishia kwenye wafalme na kejeli zao. Watu walipungua. Jiko halikutosha kuwavuta.

Hakurudi kwa Salomea kwa wiki nyingi, kwa aibu. Aliporudi walizungumza habari za baridi na bei ya makaa. Salomea hakuomba kitabu kingine. Alifariki Machi 1953.

Miaka mitatu baadaye upepo wa serikali ukageuka, barua ikaja kutoka wilayani: vitabu vingi vya orodha ile sasa ni ruhusa kuazimisha. Teofila aliisoma akiwa amesimama. Akaandika kwa maduka ya vitabu ya Lublin, ya Kraków, ya Warszawa, na kwa watu binafsi waliotangaza magazetini. Alipata saba. Kile cha uyoga kilikuwamo. Cha mama wa Lwów wengi hawakuwahi hata kukisikia, na mmoja alijibu kwamba alikuwa nacho, akakiunguza vita vilipoisha, kwa baridi.

Zenon alikuja maktabani siku moja ya mwaka 1957. Alikuwa ameondolewa ofisini, sasa anauza tikiti stesheni. Alisimama mbele ya rafu ya dirishani akihesabu kwa macho, midomo ikicheza kidogo.

"Bi Teofila," akasema, "kile cha Salomea. Ulikumbuka mwisho wake?"

"Hapana."

"Mimi nilikisoma siku ile nikiwa ndani ya lori. Kurasa za mwisho tu. Nilitaka nije nikwambie, nimwambie na yeye." Alipangusa uso kwa kiganja. "Sikuja."

Teofila alisubiri. Zenon alikunja uso kama mtu anayeinua mzigo, yeye aliyekuwa anashika kurasa tatu kwa siku moja.

"Alikuwa darajani," alisema hatimaye. "Alikuwa na barua."

"Naam. Halafu?"

"Imenitoka," Zenon alisema.

Bi Teofila alivuta droo, akatoa kadi mpya, akaandika jina la Zenon na tarehe, akamuuliza anataka kuanza na rafu ipi. Zenon akasema ya mlangoni. Bi Teofila akaenda kuongeza makaa kwenye jiko.