Lengo la Kwanza Ukutani

Malengo ya idara ya magonjwa ya akili yalikuwa ukutani, ndani ya fremu, mkabala na benchi tulilokalia. Kufundisha. Kutafiti. Kutibu. Kuwafikia watu mitaani kwao. Niliyasoma mara mbili, kwa sababu kutibu kulikuwa nafasi ya tatu, na mama alikuwa kando yangu akifunga na kufungua kitambaa chake cha kichwa. Alikuwa ameanza tena kujibizana na watu tusiowaona.

Mhadhiri, mwanamke wa makamo aliyening'iniza miwani shingoni, alikuja akainama mbele ya mama.

"Mama, wanafunzi wangu wangependa kukusikiliza tukiongea. Ukikataa, utatibiwa vilevile."

"Na mbona kufundisha ndiko kwa kwanza pale?" niliuliza.

Aligeuka akatazama ukuta kama mtu anayeuona kwa mara ya kwanza. "Sijui. Nilikuta imeandikwa hivyo."

"Huyu hata kanisani ni hivyo," mama alimwambia. "Alimuuliza pasta eti Kaini alioa nani. Twende, daktari."

Niliwafuata nikiwa na hofu ambayo haikumhusu mama. Nilikuwa nimesoma kwamba ugonjwa kama wake wakati mwingine hufuata ukoo. Na tangu mvua zianze, kuna mtu alikuwa akiniita jikoni kwetu, Dagoretti, nikiwa peke yangu. Kazini sikujali. Duka la uchapishaji ninakofanya kazi liko River Road, na huko wachuuzi hukuita kila hatua: siste, kadi za harusi, siste, mihuri. Sauti moja zaidi, nani ataihesabu? Nyumbani ndiko nilikoogopa kuzima redio.

Kwa hiyo nilijua swali litakalokuja.

Wanafunzi walikuwa wameketi nusu duara, makoti meupe, watu wa rika langu. Mama aliwakagua mmoja mmoja.

"Mnanitazama kama mbuzi wa soko la Dagoretti. Nani anakuja kunifungua mdomo aone meno?"

Walicheka, kisha wakamtazama mwalimu wao kuona kama kucheka kunaruhusiwa. Yeye pia alikuwa akicheka. Akamuuliza mama kuhusu usingizi, chakula, dawa, na mama akajibu vizuri kuliko nilivyotarajia. Halafu likaja.

"Kuna mwingine katika familia anayesikia sauti?"

Nilitazama sakafu.

"Marehemu mama yangu," alisema. Kalamu zikaandika. Nilianza kushusha pumzi. "Na huyu."

Vichwa vyote viligeuka.

"Alikuwa anaosha vyombo, akaitika, 'Nakuja.' Mimi niko nje naanika nguo. Hakuna mtu alikuwa amemwita."

Mimi ambaye sikosi swali, nililikosa. Lakini jibu nilikuwa nalo, tena rahisi: daktari, si huyu husikia yasiyokuwepo? Mbona mumwamini sasa? Sentensi moja, na chumba kizima kingekuwa upande wangu. Mama alikuwa akinitazama bila kupepesa. Nadhani alijua ninachopima ulimini.

"Ni kweli," nilisema.

Kijana mmoja mbele akafungua ukurasa mpya. Mhadhiri alimwona.

"Tokeni."

"Daktari, tungetaka kusikia..."

"Najua. Tokeni kwanza."

Walitoka polepole, wakigonga viti, kama watu walioitwa kabla mechi haijaisha. Mlango ulipofungwa, kimya kilikuwa kile kile cha jikoni, nami nikajikuta nasikiliza.

Mama ndiye aliyeuliza, kabla ya daktari.

"Inakuita kwa sauti ya nani?"

"Yako, mami."

Mikono yake ikaacha kitambaa.

"Mimi, anayeniita ni mama yangu," alisema.

Mhadhiri akavuta kiti chake, akakiweka karibu na changu, akanigeukia mimi.