Andazi Lenye Mguu

Mke wangu amenikataza kusimulia habari hii mbele ya wageni, lakini ninyi si wageni, kwa hiyo sogezeni viti. Aibu niliyoipata siku ile Muleba, kama aibu ingepimwa kwa mizani kama kahawa, chama cha ushirika kingekosa magunia ya kuitia.

Ilikuwa miaka ile ya ujamaa, mafuta ya kupikia yalipoadimika hata watu wakawa wanayataja kwa heshima, kama jina la askofu. Mimi nilikuwa nimemaliza masomo ya jioni hapa Bukoba, nina cheti, nina kalamu mbili mfukoni (moja haikuandika), na nina mchumba, Adventina, binti wa Ta Felisiani. Kilichobaki ni mzee kutamka ndiyo. Tatizo ni kwamba shangazi yake Adventina alikuwa na mtu wake, bwana shamba mmoja mwenye baiskeli mpya, na alishasema wazi kuwa nikikosea jambo lolote siku ya kujitambulisha, Jumapili inayofuata baiskeli ile itaegeshwa uani kwao.

Sasa, ukoo wa Ta Felisiani muziro wao ni senene, hawa panzi wetu wa kukaanga. Mnajua kwetu kila ukoo una muziro wake, kitu ambacho babu yako hakukila na wewe hukili, na ukikila, wanasema, ngozi inawasha na meno yanalegea. Sisi wa Kaagya senene tunakula kwa debe, na siku zile ulikuwa msimu wenyewe, mji mzima unanukia. Nikajihadhari kuliko daktari. Wiki nzima sikugusa hata mmoja, nikafua shati, nikasugua meno kwa majivu mpaka fizi zikaniomba msamaha.

Halafu, baada ya hekima yote hiyo, nikaamua kupeleka maandazi.

Ningeweza kupeleka sukari kama binadamu wengine. Lakini mwalimu wetu wa jioni alikuwa ametufundisha somo la lishe, nami nilitaka ukweni waone wanampata mwanamume wa kisasa. Unga wa ngano niliupata kwa foleni iliyoanzia dukani na kuishia karibu na Uganda. Mafuta sikupata. Mama mwenye nyumba wangu pale Hamugembe, Mama Zubeda, ambaye alikuwa akikaanga vitu na kuuza barazani, akaniambia, "Lete unga wako, mwanangu, mafuta ninayo." Akatoa chupa, mafuta ya rangi ya dhahabu. Na mimi msomi sikukubali hivi hivi, nikahoji (Ta Felisiani nguruwe alikuwa akimtoa mapele, hilo nalo nilikuwa nimelichunguza).

"Mama, haya si ya nguruwe?"

Akanitazama sana. "Mimi na buibui langu hili, Protasi, nguruwe nimkaangie wapi?"

Nikaridhika kabisa.

Kwenye basi la Muleba, tulipopita Kemondo, abiria wakaanza kunusa. Mama mmoja akasema, "Humu kuna mtu kabeba senene." Mimi, kikapu mapajani, nikamgeukia mzee wa pembeni yangu na kumwambia, "Mzee, ungefunga mzigo wako vizuri, wengine tunakwenda ukweni." Akanijibu kwa upole, "Mwanangu, nina mwavuli tu."

Nikafika. Nikapokewa vizuri, nikapewa kahawa ya kutafuna, nikaulizwa habari za kwetu mpaka za ng'ombe waliokwisha kufa. Chai ikaja, maandazi yakamwagwa kwenye sinia. Ta Felisiani akala moja, akala jingine, akafumba macho.

"Haya yana kitu," akasema. "Utamu wake unaingia mpaka masikioni. Huyu kijana amesoma."

Akilini mwangu nikamwona bwana shamba anapungua, anapungua, yeye na baiskeli yake, amekuwa kama kisoda. Ndipo shangazi akainua andazi lake kwenye mwanga wa mlango.

"Protasi, baba. Andazi lako lina mguu."

"Ni iliki, shangazi."

"Iliki hii ina goti."

Likapita mkono kwa mkono. Ta Felisiani akavaa miwani, akatazama, akaliweka chini taratibu kama anamlaza mtoto. Wakati huo akili yangu ikaniletea, kwa kuchelewa, picha ya Mama Zubeda barazani na kikaango chake, senene wakitoa mafuta yao wenyewe, naye akiyachuja kwenye chupa. Shangazi akaanza kujikuna shingo. Mama mkwe akajikuna mikono. Ukumbi mzima ukawa unajikuna, na mimi, ambaye babu zangu wote walikula senene wakazeeka salama, nikajikuna kuliko wote.

Ningenyamaza. Badala yake nikasimama kueleza. "Wazee wangu, kitaalamu hamkula senene. Hilo ni jasho lake tu."

Shangazi akatoka mbio kuelekea migombani, kitenge mdomoni. Aliporudi alisema neno moja: "Baiskeli."

Adventina alikuwa anatazama sakafu, mabega yanatikisika, nikadhani analia. Ta Felisiani akanigeukia. "Ulijua?"

"Sikujua, waitu," nikajibu kwa heshima zote za kwetu. "Niliuliza kama ni ya nguruwe."

"Mwenye mafuta ni nani?"

"Mama Zubeda, waitu."

Akafikiri. "Ukamuuliza Mama Zubeda kama anakaangia nguruwe." Tumbo lake likaanza kucheza kwa kicheko chini ya kanzu. "Basi leo sisi hatukula senene. Tumekula ujinga wa huyu kijana, na ujinga si muziro wetu. Atamwoa mtoto, kahawa ikishavunwa. Lakini hayo yaliyobaki ni hatari, nitakwenda kuyazika mwenyewe."

Akachukua kikapu, akaingia migombani. Jembe lilikuwa limeegemea ukutani, na mimi kama mkwe mwema nikanyanyuka nimpelekee. Adventina akanikanyaga mguu. "Kaa chini wewe."

Mzee alikawia. Akarudi na kikapu kitupu, anapangusa masharubu.

"Umeyazika, tata?" Adventina akamuuliza baba yake.

"Nimeyazika."

"Shimo refu?"

"La kutosha."

Tangu siku hiyo nimeapa, ukweni sipeleki kitu kilichopita kwenye kikaango, na nikipewa mafuta siulizi tena kama si ya nguruwe, nauliza ni ya nini. Shangazi hajanisamehe mpaka leo. Ta Felisiani sasa ni mzee sana, meno yake yote anayo, na kila nikifika hunivuta kando na kuniuliza, kwa sauti ya chini, kama nimeleta kitu cha kuzika. Namwambia nimeleta sukari. Basi anasikitika.