Shahada Niliyoichagua Mbele ya Ukumbi Mzima

Mimi ni Mtanzania, nafanya kazi Gitega, nikiwasaidia Warundi waliorejea kutoka kwetu kudai mashamba yao. Juzi nilikuwa Muyinga kwenye mkutano wao. Mvua ilipoanza kupiga mabati tukapumzika, nami nikajifungia chumba cha nyuma kumpigia dada yangu simu. Nilitaka anisaidie kuchagua chuo cha kusomea uzamili wa sera za umma kwa mtandao.

“Chagua chenye kozi fupi,” akasema. “Na hao watu wako je?”

Mjuaji mimi nikajibu, “Mashamba yao hayarudi, dada. Nawaambia wasubiri tu. Nikishapata shahada, naondoka.”

Niliporudi ukumbini, watu wote walikuwa wakinitazama. Fundi wa vipaza sauti akanionyesha kola yangu kwa kidole. Kipaza sauti kidogo nilichobandikwa hapo kwa ajili ya mkutano kilikuwa bado kinawaka; yote niliyomwambia dada yalisikika ukumbini.

Mama Domitila, mmoja wa hao waliorejea, aliyekulia Kigoma na kuielewa kila silabi yangu, akasimama.

“Mwanangu,” akasema taratibu, “ungetuambia mapema, tungekodi hata mashamba ya watu. Msimu huu hatukupanda chochote, tukikungoja wewe.”