Kipande cha Ubao wa Samaki

Kosa langu la mwanzo lilikuwa kuamini kwamba kitu kikionekana kimekaa sawa, basi kimekaa sawa. Nalitaja mapema nisije nikapata nafasi ya kulipamba.

Baiskeli ilikuwa ya binamu yangu, mtoto wa mjomba, baiskeli ya milimani ya mtumba, fremu ya buluu. Yeye na wenzake hushuka nazo katika machimbo ya zamani ya Bamburi, kwenye njia ya mawe ya matumbawe inayoteremka kama ngazi mbovu. Kila akishuka, cheni yake ilikuwa ikiruka. Akaniomba nimfungie kishika cheni, kile kifaa kinachokaa juu ya gia ya mbele na kuizuia cheni isichomoke. Mimi sikufunzwa na fundi yeyote. Nimejifunza kwa video za simu na kwa kufungua vitu vilivyokwisha kuharibika, kwa sababu hivyo haviwezi kunilaumu.

Sokoni Kongowea nilipata vishika cheni viwili vibovu vya aina moja. Cha kwanza kilikuwa na mdomo mzima, yaani ile sehemu ambayo cheni hupita ndani yake, lakini bamba lake lilikuwa la kubanwa kwenye ekseli ya pedeli, na fremu ya binamu haikulikubali. Cha pili mdomo ulikuwa umevunjika, ila bamba lake lilikuwa na matundu matatu, sawasawa na matundu ya fremu. Nikauhamisha mdomo mzima kwenye bamba la matundu matatu. Bolti mbili zikaingia bila ubishi. Nilifurahi mpaka nikajionea haya.

Nilipozungusha pedeli, cheni ikasugua upande mmoja. Mdomo ulikuwa umeingia ndani mno. Dawa yake ni washa mbili za chuma, vile viduara vyenye tundu katikati, zenye unene mmoja, moja kwa kila bolti, ziusogeze mdomo nje kidogo. Nilikuwa na kopo zima la washa na sikupata mbili zilizolingana. Nilizipima, nikazisugua kwenye sakafu ya saruji, nikazipima tena. Siku tatu. Nilitaka nafasi kati ya cheni na mdomo iwe unene wa kadi ya simu ya kukwaruza, pande zote mbili, wala si zaidi.

Dada yangu mkubwa, ambaye naishi kwake mtaa wa Ziwa la Ng'ombe, ana ubao mweupe wa nailoni wa kukatia samaki. Nikaukata pembe moja. Ulikatika vizuri kama sabuni. Nikachonga vipande viwili vya duara, nikavitoboa, nikavipachika mahali pa washa. Kadi ilipita pande zote bila kukwama. Vidole vilininuka samaki changu hata baada ya kunawa mara tatu.

Sasa lile linalonitia kinyaa. Nilipokaza bolti niliiona nailoni ikivimba pembeni, kama kitambi juu ya mshipi. Nilijua maana yake. Kitu laini kikibanwa hulegea, na bolti hulegea nacho. Sikufungua. Nilichukua wembe nikanyoa ule uvimbe usionekane.

Pale machimboni wana desturi yao, na hawaivunji: aliyekaza nati ndiye anayeshuka kwanza. Baiskeli ikitoka kwa fundi, fundi huipanda mbele ya mwenyewe. Basi Alhamisi moja ya likizo, tumesimama juu ya mteremko, vumbi jeupe limetujaa puani, wote wakanigeukia.

"Haya fundi, panda tuone," mmoja akasema.

"Siku tatu umeifungia ndani kama mwari," akasema mwingine. "Leo si ndiyo siku ya kutolewa?"

 Nikasema, "Leo nimefunga. Sitaki kuanguka na kiu hii."

Nilikuwa sijafunga. Asubuhi ile nilikula mahamri matano na mbaazi kwa mama anayeuza barabarani. Neno lilinitoka tu, jepesi, na nikashangaa jinsi lilivyoniweka sawa na watu wema.

Binamu akanitazama kidogo. "Muacheni mwenzenu, leo Alhamisi, ni siku ya sunna," akasema. "Nashuka mwenyewe."

Akashuka. Ngazi ya kwanza, ya pili, ya tatu. Kwenye ya nne nilisikia chuma kikisaga chuma, pedeli zikagoma, naye akarushwa mbele akaangukia uso. Tulipomfikia alikuwa amekaa, anatema damu na vumbi, jino la mbele limekatika nusu. Mdomo wa kishika cheni ulikuwa umelala upande, na cheni imekwama kati ya gia na fremu.

Tulimpeleka zahanati, kisha kwa dada. Mimi nikaingia uani na baiskeli. Nilipofungua bolti, nailoni ilitoka imepondeka, imechanganyika na grisi na unga wa matumbawe, rojo la kijivu. Lilinuka samaki. Nilitapika kando ya karo la kuoshea vyombo.

Dada akatokea mlangoni, wale wenzake binamu wameshamwambia. "Kumbe umefunga, na huniambii? Daku umekula nini?"

"Maji," nikasema.

"Maji! Ndiyo maana watapika nyongo." Akanitazama kwa huruma ambayo sikuweza kuivumilia, maana kilichokuwa chini ya miguu yangu hakikuwa nyongo, kilikuwa mbaazi. Nikamwaga maji upesi.

Alinipikia futari. Viazi vya nazi, tambi, uji wa pilipili manga. Nilikaa na njaa hadi magharibi, nikijichukia kwa kila harufu iliyotoka jikoni. Adhana ikaingia. Dada akaniwekea tende mkononi, akarudi jikoni. Binamu alikuwa mkabala nami, mdomo umevimba, anajaribu kunywa uji kwa kijiko cha mtoto.

Niliiweka tende chini. "Sikufunga," nikamwambia.

"Najua. Nilipita nikakuona na mahamri yako."

"Na ukawaambia waniache?"

"Nilidhani waogopa mteremko. Watu wengi waogopa mteremko, si aibu." Akafuta uji kidevuni. "Sikujua waogopa kazi yako."

Nikamweleza yote, ubao, uvimbe, wembe.  Dada ndiye aliyejibu, kutoka jikoni, kumbe alikuwa anasikia.

"Na ule ubao wangu nikadhani panya. Nimewatega wiki nzima." Akachungulia mlangoni. "Kula. Chakula hakina kosa."

Nilikula. 

Kesho yake nilikwenda kwa fundi wa pampu za maji, nikapata washa mbili za chuma za unene mmoja. Kazi ilichukua robo saa. Mdomo umekaa kombo kidogo, upande mmoja kadi inapita na upande wa pili inagusa, na cheni haijaruka tena. Binamu alisubiri wiki mbili kabla ya kuipanda. Nilishuka mimi kwanza, breki zote mbili nimezibana, nikichekwa njia nzima.

Jino lake bado ni nusu. Kwa dada kuna ubao mpya, nami siugusi. Kila baiskeli inayotoka mikononi mwangu, nashuka nayo kwanza.