Mizabibu ya Philiberte na Mizizi ya Amerika

Philiberte Gaudrillon alizaliwa, akaolewa na kufiwa na mume katika kijiji kilekile cha Burgundia, Ufaransa, na maisha yake yalikuwa safu ishirini na mbili za mizabibu. Vidukari walipokuja kufyonza mizizi, shamba lote likafa. Mwaka 1888 akajifunza kupandikiza: tawi la mzabibu wa nyumbani juu ya shina la Amerika, ambalo mizizi yake wadudu hao hawaiwezi.

"Divai ya mizizi ya Amerika itanuka mbweha, shemeji," Anthelme, ndugu wa marehemu mumewe, alimcheka.

"Ya zamani ulisema inanuka zizi, na hukubakiza tone."

Wakakubaliana: mizabibu hii nayo ikifa, shamba litakuwa la viazi, na mkulima wake atakuwa Anthelme.

Huko, kabla ya baridi, watu hulundika udongo kwenye mashina kuyakinga, na baridi ikiisha huuondoa. Philiberte, kwa kuihurumia miche yake, aliuacha mwaka hadi mwaka. Mizabibu ikanawiri. Mwaka wa nne majani yakageuka manjano.

"Nilete mbegu za viazi?"

"Ngoja kwanza, shemeji. Una haraka kama unafukuzwa."

Safu mbili za ukutani zilibaki kijani. Philiberte akakumbuka: mwaka ule wa kwanza alivunjika mkono kabla hajazifikia, na tangu hapo hakuzilundikia udongo. Akachukua kijembe, akafukua shina mojawapo la manjano. Juu ya kiungo, pale tawi lilipounganishwa na shina, ndani ya lundo lake mwenyewe, tawi la nyumbani lilikuwa limeota mizizi yake, nayo imejaa vidukari. Chini, mizizi ya Amerika ilikuwa safi, ila imedhoofika kwa kukosa kazi.

Akapiga magoti na kisu, akaanza kuikata ile ya juu, shina baada ya shina. Siku ya tatu Anthelme alikuja, akasimama.

"Unaikata mizizi? Umerukwa na akili?"

"Inama uone."

Akainama, akaifukunyua mizizi iliyojaa wadudu.

"Nipe kisu."

"Toa chako cha jibini."

Walimaliza siku ya kumi na mbili. Safu saba hazikupona. Hizo Philiberte alimwachia Anthelme apande viazi vyake. Kumi na tano zilizaa tena, na kila baridi ilipokwisha, wa kwanza kuingia shambani kufukua viungo alikuwa Anthelme.